Mnaoga au Mnanawa Tu?

Watu wa Mkomaindo, hapa Masasi, wakikuamulia, wamekuamulia. Siku walipopata habari kwamba nimenunua nyumba Mikindani, kando ya bahari, duka langu la vitenge liligeuka kijiwe. Asiyenunua kitenge alikuja kuniletea maneno. "Mama Emilia, umeanza kuvua?" "Mama Emilia, korosho zimekuchosha, sasa unalima pweza?" Hata muuza mihogo ya kuchoma, ambaye siku zote salamu yangu huijibu kwa pua, naye alipata la kusema. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nikawajibu wote kwa mkupuo: nyumba ni yangu, bahari ni ya Mungu, na mwenye wivu akanywe maji alale.

Mume wangu Gervas, muuza vipuri vya pikipiki, yeye hakucheka. Alinuna. Alitaka tujenge fremu za duka hapa hapa Masasi, wapangaji waingie, kila mwisho wa mwezi mambo yaende. Nikamwambia zama zimebadilika, baba. Watu wa Dar es Salaam wakichoka wanatafuta pahali pa kutulia. Wanapanga nyumba nzima kwa siku chache, wanapika wenyewe, wanaogelea, wanapiga picha, wanaondoka. Mikindani ni mji mdogo wa wavuvi, kimya, samaki wabichi, na nyumba za kupangisha watu wa likizo bado si nyingi. Binti yetu Emilia ataiweka mtandaoni, simu italia, tutakula matunda. Nilieleza vizuri mpaka nikajishangaa mwenyewe.

"Na nani atakaa na hao wageni?" Gervas akauliza.

"Mama."

Akaniangalia. Gervas si mjinga. Tangu hapo hakutaja fremu tena.

Maana ukweli ulikuwa huo. Mama yangu, Scholastika, alikuwa anaishi peke yake Newala, na Newala na maji mnajua wenyewe. Mvua ikinyesha unakinga kutoka kwenye bati mpaka kisima chako cha uani kijae. Kiangazi kikifika kisima kinakauka, na hapo kila tone linatafutwa. Mama magoti yamekwisha. Daktari alishamkataza kubeba kitu kizito, naye akamwitikia daktari vizuri kabisa, akatoka pale akaenda kubeba dumu. Mwaka jana alianguka nalo mlangoni pake. Dumu lilipasuka, goti likavimba, na kilichomliza mama ni maji. Nilipopigiwa simu kuelezwa hivyo nililia dukani mbele ya wateja.

Nilitaka kumleta Masasi. Akaa! Mama halali chini ya paa moja na mkwewe. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali, na mama ni wa zamani hasa, Gervas akiingia mlango wa mbele yeye anatokea wa nyuma. Nikasema basi nimpangie chumba jirani. "Nikae nalishwa kama kifaranga?" akajibu. Nikamtafutia kijana wa kumpelekea maji kwa baiskeli, akamfukuza, kisa eti anayamwaga njiani. Lakini kazi mama haikatai. Ukimwambia kuna kazi imekosa mtu, anasimama hata hujamaliza kusema. Ndipo nilipoona kwamba nikipata nyumba mahali penye maji ya bomba, mahali tambarare, halafu nimwambie nahitaji msimamizi ninayemwamini, atakuja mwenyewe kwa miguu yake. Na wageni watuletee hela, kwani ubaya uko wapi?

Basi nyumba ikatengenezwa. Bati jipya, chokaa nyeupe, vitanda na vyandarua, baraza la kutazamia bahari. Mahali pa ngazi za mlangoni nikataka mteremko. Chooni nikataka choo cha kukaa na chuma cha kushikia ukutani. Bafuni nikataka kiti cha saruji chini ya bomba la mvua. Fundi akasimama na mwiko wake, akaniuliza, "Mama, hawa wageni wako wa likizo ni wagonjwa?" Nikamwambia ashike saruji aache umbea.

Mama alikuja na mtungi wake, kata yake na jembe. Alisimama barazani akaitazama bahari, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Maji yote haya," akasema, "na hayanyweki!"

Nikampa funguo zote, nikamtambulisha kwa jirani, Mwanasha, muuza samaki wa kukaanga, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kuita mashua irudi. Walipatana siku hiyo hiyo. Mama alimwita Mwanasha mla chumvi, Mwanasha akamwita mama mla mizizi, wakacheka. Nikarudi Masasi na furaha yangu. Kwa mara ya kwanza kiangazi kile kiliingia bila mimi kuwaza dumu.

Wageni wa kwanza walikuja mwezi wa sita, Mujibu na mkewe Shakila, kutoka Dar es Salaam, wana ndoa changa. Siku yao ya pili tu, simu ikalia. Mwanasha.

"Mama Emilia, njoo."

"Kuna nini?"

"Mama yako ametia kufuli kwenye maji."

Sikuelewa. Akanieleza. Mama alikuwa ameifunga ile koki kubwa ya nje inayoleta maji ndani, akafunika kisanduku chake, akatia kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Bombani hakutoki kitu. Anayetaka maji anamwendea mama, mama anamtekea kwa kata kutoka kwenye mtungi. Kabla sijafunga mdomo wangu, simu ikachukuliwa na Shakila mwenyewe. Binti ana adabu, lakini sauti ilikuwa inatetemeka.

"Shikamoo dada. Dada, mimi nimetoka kuogelea, nina mchanga mpaka masikioni. Namwomba bibi maji, bibi ananiuliza, 'Unaoga au unanawa tu?' Nikamwambia naoga. Akaniambia, 'Si umetoka kuoga sasa hivi, huko baharini?'"

Gervas, aliyekuwa anasikiliza, alicheka mpaka akakalia tairi. Mimi sikuona cha kuchekesha. Damu ilinipanda. Nyumba ile nimeinunua kwa jasho la misimu ya korosho na miaka ya kukaa nyuma ya meza ya duka, na Emilia ameshanieleza kwamba huko mtandaoni wageni wa kwanza wakikusema vibaya umekwisha. Alfajiri yake nilikuwa kwenye basi.

Nilifika nikaukuta mkutano uani. Mujibu, mwanamume mzima, amechuchumaa ndani ya beseni na bukta yake ya kuogelea. Mama amesimama juu yake na kata, anamimina uzi mwembamba wa maji.

"Anza na kichwa, mjukuu wangu. Yakishuka yenyewe yatakuta mwili. Usipanguse! Ukipangusa unayamwaga."

"Ndiyo, bibi," anasema Mujibu, macho yamejaa povu.

Pembeni kulikuwa na mpapai mchanga, umestawi kweli kweli, na nikaelewa maji ya beseni huwa yanaishia wapi. Shakila amekaa barazani na taulo, anangoja zamu. Mwanasha yuko kwenye ua wake na sahani ya samaki, anatazama kama yuko kwenye sherehe.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Sikuamkia. "Mama! Hapa si Newala! Watu wamelipia raha, wewe unawapimia kwa kata? Unataka kuniua? Bomba lipo, maji yapo, wewe unatia kufuli! Unaniharibia biashara yangu!" Nilisema na mengine, kwa sauti, mbele ya wageni na mbele ya jirani.  Mama yangu aliiweka kata chini taratibu, akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akauweka kiganjani mwangu.

"Haya," akasema. "Nyumba yako, maji yako."

Akaingia ndani, akakunja nguo zake. Nilikuwa bado nafoka peke yangu pale uani alipotoka na kifurushi na mtungi. Kwa hasira sikumzuia. Nilifungua kufuli, nikafungua koki, maji yakaja kwa kishindo bafuni, nikamgeukia Shakila nikitabasamu kama muuza duka.

"Haya mwanangu, oga mpaka uchoke."

Shakila hakusimama. "Dada," akasema, "sisi tuliomba maji. Hatukuomba bibi aondoke."

"Jana alitusimulia mambo ya unyago wa kwao mpaka mbavu zikauma," akaongeza Mujibu kutoka kwenye beseni, povu bado kichwani. "Leo alikuwa atupikie kisamvu cha karanga."

Nilibaki pale kuwahudumia mpaka siku zao zilipoisha. Nilipika mimi hicho kisamvu, wakala kwa heshima. Walipoondoka wakatuandikia mtandaoni, Emilia akanisomea kwa simu: nyota tatu, nyumba safi, maji mengi, bibi hayupo.

Mama hakupokea simu zangu. Siku zikaenda, kiangazi kikakaza. Nikampigia Anjelina, jirani yake wa Newala, nimwulize hali.

"Mzima," akasema Anjelina. "Kisima chake kilikuwa na maji kidogo, yameisha. Anabeba kile kidumu kidogo. Akipita nyumba moja anapumzika, akipita nyingine anapumzika. Tukitaka kumsaidia anatufukuza, si unamjua."

Nilikata simu nikakaa. Nilijisikia vibaya, nisiseme uongo, nilijisikia vibaya kuliko siku ile aliyoanguka. Safari hii aliyemrudisha kwenye dumu ni mimi, na mdomo wangu huu huu. Nyumba ipo, bomba lipo, kiti cha bafuni kipo, na mama yangu yuko juu ya uwanda wa Newala anatembea na kidumu.

"Nakwenda kesho kumwomba radhi," nikamwambia Gervas.

"Unakwenda na nini?"

"Na mdomo."

"Mdomo si ndio ulioharibu?" Akaacha kufunga boksi la plagi, akanikazia macho. "Mama Emilia, wewe ni mtoto wa Newala. Tangu lini mtu anakwenda kumwomba mkubwa wake radhi kiangazi, mikono mitupu?"

Nikashika kichwa. Kweli kabisa. Kwetu, wakati maji yamekauka, mwanamke hajongei penye msiba wala kwa mama aliyejifungua wala penye ugomvi bila maji. Unaingia na ndoo kichwani, unaitua, ndipo unasalimia. Sukari baadaye, kitenge baadaye. Nilikulia humo, na miaka ya Masasi ilikuwa imenisahaulisha. Na mara nikajua pa kuyachota.

Nilishuka Mikindani kwanza. Mwanasha alinikuta nimeinama kwenye bomba la uani nakinga dumu kubwa.

"Hee! Unachota maji hapa upeleke wapi?"

"Newala."

"Kwa mama?" Hakucheka. Aliingia kwake akatoka na samaki wakavu wamefungwa kwenye gazeti. "Mpe mla mizizi. Mwambie bila yeye hapa hapana wa kumtania, nakauka."

Asubuhi, kondakta aliponyanyua lile dumu alidhani ni mafuta. Nikamwambia ni maji. "Unatoa maji pwani unayapeleka Newala kwa basi?" Abiria wakaangua kicheko, ila wa Newala hawakucheka. Mama mmoja alisogeza kikapu chake dumu likae vizuri.

Mama alikuwa amekaa mbele ya nyumba anamenya mihogo. Aliniona tangu mbali, nikiwa na dumu kichwani, shingo inauma, vitenge vyangu vya mjini vimeloa mabega. Hakusimama. Nikalitua mlangoni pake, nikapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akaliangalia dumu. Akafungua kifuniko, akamimina kidogo kwenye kata, akaonja, akameza taratibu.

"Ya Mikindani haya."

"Umejuaje?"

"Nimeyafungia kufuli, nisiyajue?"

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. "Mama, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele za watu. Nilifoka hata sikukuamkia."

"Ulifoka," akakubali. "Tena kama muuza mnadani." Akamenya muhogo mwingine. "Basi, yamekwisha. Inuka, utachafua hicho kitenge."

Sikuinuka. Nikaanza ile hadithi yangu. Nikamwambia nyumba imekosa mtu, wageni wanamwulizia, Shakila anataka kuja Desemba na dada zake mradi bibi awepo, mimi kazi ile siiwezi, nahitaji msimamizi mwaminifu…

"Josephina."

Jina langu hilo, na mama akilitaja hivyo ujue umekamatwa.

"Wageni gani wa likizo wanatiliwa chuma chooni?"

Nikajitia kuokota maganda ya mihogo.

"Na kile kiti cha bafuni. Na mlango usio na ngazi." Alikuwa haniangalii, anaangalia kisu chake. "Siku ya kwanza ile ile, nilipokaa kwenye choo chako nikashika kile chuma, nilijua. Nikasema, huyu mtoto amenunua nyumba nzima kwa ajili ya magoti yangu, na hana ubavu wa kuniambia."

"Ulijua, mama? Ukanyamaza?"

"Ningesema, ningelazimika kukataa."

Jamani. Hapo nililia kwa sauti, nikacheka humo humo, mpaka Anjelina akachungulia kutoka kwake. Mama akaniacha nimalize. Kisha nikamwuliza lile lililokuwa linanisumbua. Kama alijua, kwa nini alitia kufuli akawapimia wageni wetu maji kwa kata?

"Kuna kile kisaa cha maji pale nje," akasema. "Nilimwuliza Mwanasha kazi yake nini, akaniambia kikizunguka, Mama Emilia analipa. Mwanangu, yule binti alipoingia kuoga siku ya kwanza, nilisimama pale nikakitazama. Kilizunguka kama cherehani ya fundi siku ya mkesha wa Krismasi! Nikasema hawa wataifilisi nyumba. Josephina atashindwa, ataiuza, na mimi nitarudi kwenye dumu." Akakiweka kisu chini. "Na mimi nilikuwa sitaki kurudi."

Mama yangu hajawahi kusema hataki shida. Sijawahi kusikia mdomoni mwake neno hilo, si alipofiwa na baba, si alipoanguka mlangoni. Nikamshika miguu, yale magoti yenyewe, yamevimba kama viazi. Nikamweleza taratibu kwamba maji ya kuoga wageni yamo ndani ya kile wanacholipa, waoge hata mara kumi, kisaa kizunguke mpaka kichoke. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa habari za nchi ya mbali.

"Kila mgeni?"

"Kila mgeni."

"Hata akitoka kuoga baharini?"

"Hasa akitoka baharini, mama."

Akapumua. "Dar es Salaam kuna watu wachafu," akasema, na nikajua tumepatana. Sharti lake likawa moja tu, ufunguo wa kufuli akae nao yeye. Hatafunga, ila akae nao. Nikamfungia mwenyewe kwenye pindo la kanga. Maji ya dumu langu tukayamimina kwenye mtungi wa Anjelina, na Anjelina akapiga kigelegele.

Tulifika Mikindani jioni, jua bado lipo. Mwanasha alimpokea kwa matusi ya utani hadi barabarani, mama akamrudishia yote na chenji juu. Kisha mama akapanda ule mteremko, akapita ndani, akaenda kuusalimia mpapai wake, akaukuta umekua. Vumbi la njia lilikuwa limemjaa.

"Naoga," akatangaza.

Nikaenda kumtafutia ndoo, mazoea haya! Niliporudi nayo mlango wa bafuni ulikuwa umeshafungwa, na ndani nikasikia bomba la mvua limefunguliwa. Limefunguliwa lote. Mama yangu, ambaye tangu nizaliwe nimemwona akioga kwa kopo la maziwa ya unga, akianza na kichwa ili yakishuka yakute mwili, alikuwa amekaa kwenye kiti cha saruji chini ya maji yanayoanguka yenyewe.

Nikangoja yafungwe. Hayakufungwa. Mwanasha akaita kutoka uani kwake, "Mama Emilia, kisaa kinakimbia!" Yakaendelea. Mimi niliyekuja kufoka kwa sababu ya kufuli, mimi mwenye nyumba, nilijikuta nimesogea mpaka mlangoni, mkono umeinuka kugonga, na maneno yameshafika kwenye ulimi: mama, maji!

"Josephina," akaita kutoka ndani. "Uko hapo mlangoni?"

"Nipo, mama."

"Usiseme kitu."

"Sisemi."

Nikaiweka ndoo chini nikaikalia. Huko ndani mama akaanza kuimba, na maji yakaendelea kumwagika.